Nimepewa viatu vya bingwa, sasa nashuka ngazi kinyumenyume

Mpendwa Mama Cherono,

Nisaidie kabla miguu yangu haijatoboa siri yenyewe, maana nimeificha karibu miezi miwili na sasa nimechoka. Mimi ni mama wa watoto watatu, miaka arobaini na mmoja, mtu wa Homa Bay lakini Eldoret nimekaa miaka kumi na sita, naishi Kapsoya kwenye ploti ya ghorofa na nafanya kazi ya karani kwenye stoo ya mahindi mjini, na majina yote humu nimeyabadilisha kwa sababu hapa kwetu hata kuku wa jirani anasoma gazeti lako.

Mambo yalianza Januari daktari aliponiambia sukari iko mlangoni inabisha hodi, lakini nikipunguza uzito inaweza kuondoka, na mimi sikuchukulia mchezo kwa sababu mama yangu mzazi alikatwa mguu kwa sababu ya sukari, basi siku hiyo nikangoja wapakiaji waende chai nikapanda mizani ya magunia, na gunia letu la mahindi ni kilo tisini, na mimi, Mama, nilikuwa gunia moja na gorogoro saba, yale makopo ya kupimia ya kilo mbili mbili. Nilikaa juu ya magunia nikacheka mpaka machozi, halafu yale machozi yakawa ya kweli. Kesho yake nikavaa raba za shule za mtoto wangu Felix nikaenda barabara ya vumbi.

Kwenye ploti yetu kuna binti mwanariadha, nimwite Jebet, miaka ishirini na mbili, aliniona nikihema kwenye ile barabara kwa siku tatu, siku ya nne akabisha mlango ameshika viatu vyepesi vya rangi ya waridi, akasema, "Mama Felix, hii ndiyo nilishinda nayo Ujerumani. Sasa ni yako, ikupeleke mbali." Namba ni ileile ninayovaa! Nililia mbele yake bila aibu. Mume wangu George, ambaye ni mwalimu na si mtu wa kushangaa ovyo, aliviweka mezani akavipiga picha akawatumia watu wa kwao wote, na kwao wakajibu wakiuliza mbio zangu ni lini.

Na nikakimbia! Mama Cherono, sijawahi kuwa na furaha ya namna hii tangu nizaliwe. Asubuhi kuna baridi na ukungu, napishana na watu ninaowaonaga kwenye televisheni na wananiambia "kazi nzuri, Mama" kama vile tuko kambi moja, watoto wangu wananihesabia kilomita, sketi zangu zote nimezipeleka kwa fundi, napanda juu ya magunia bila kushika ukuta huku naimba nyimbo za kwaya, na wiki jana mizani imesema gunia na gorogoro mbili.

Lakini. Hivyo viatu vina soli ngumu na vinakusukuma mbele kama mtu anayekufukuza, na kwa upana vinanibana, na baada ya wiki sita mifupa ya mbele ya miguu ikaanza kuuma, halafu kisigino, kiasi kwamba nikiamka natembea kutoka kitandani hadi mlangoni kwa vidole, na sasa kwenye mguu wa kushoto kuna mahali padogo kama shilingi kumi, nikipagusa naruka, panauma hata nikiwa nimekaa. Ngazi nashuka kinyumenyume kwa sababu ndivyo naweza. Felix aliponiuliza nikamwambia ni zoezi maalum, akawaambia majirani, na sasa kuna akina mama wawili kwenye ploti wanashuka kinyumenyume kila asubuhi na mmoja anasema tumbo limeanza kupungua.

Kwa hivyo nameza vidonge viwili vya maumivu kabla ya kutoka, halafu naenda. Pale steji kuna kijana wa boda huwa ananipigia kelele, "Mathe, kaza! Ukisikia uchungu ujue mafuta inaisha!" na kusema kweli nilimwamini.

Sasa Jumamosi ya wiki ijayo akina mama wa kanisa letu tunakimbia kilomita tano, na Jebet ameomba ruhusa kwa kocha wake aje asimame kwenye utepe wa kumalizia anipokee. Nitamwambiaje huyo mtoto kwamba zawadi yake inaniua? Kila asubuhi namkuta bombani akiosha viatu vyake vya mazoezi, ananiuliza, "Mama Felix, miguu inasemaje leo?" na mimi najibu, "Iko fiti kabisa!" halafu nangoja aingie ndani ndipo nipande ngazi nikishikilia chuma kwa mikono miwili. Nikisema ukweli nitamvunja moyo, na nikiacha kukimbia narudi kwenye gorogoro saba na ile sukari inafunguliwa mlango. Je, nivumilie tu mpaka Jumamosi hiyo ipite?

Mama wa Gunia,
Kapsoya

*

Mama wa Gunia,

Hapana. Usivumilie hata mpaka kesho kutwa. Nimeanza na jibu kwa sababu nakujua, ungesoma pongezi tu halafu ukatoka kukimbia.

Na pongezi unazo. Gorogoro tano zimemwagika na unaniandikia kama mtu aliyekamatwa akiiba! Barua yako nimeisoma kwa sauti hapa ofisini, na mhariri wangu Kipkemboi, ambaye Jumatatu huwa hacheki, alilazimika kutoka nje. Tafadhali waambie wale akina mama wawili wageuke waangalie mbele kabla hatujaandikiwa barua nyingine na mtu aliyevunjika kiuno.

Sasa nikugombeze kidogo. Kumeza dawa ya maumivu ndipo ukimbie ni kumziba mdomo mtu anayekuita kwamba jikoni kunaungua. Tena ukizimeza kila siku hivyo, tumbo na figo zitakudai, na wewe tayari una sukari inayobisha hodi. Ziache leo. Na huyo daktari wa steji, mwulize yeye mwenyewe mara ya mwisho alikimbia lini. Yule hata kununua mkate anawasha pikipiki. Mafuta hayatoki kwa kupasua mfupa.

Viatu je? Hivyo vimetengenezewa msichana wa kilo arobaini na kitu, akimbie navyo saa moja au mbili siku ya mashindano, avivue. Hata yeye havai vya namna hiyo kila asubuhi. Unamkuta bombani siku zote hizo akiosha viatu na hujawahi kuangalia anaosha vya aina gani? Angalia soli. Utakuta ni nene kama mkate. Jebet alikupa kwa moyo wake wote, ila ana miaka ishirini na mbili, mwili anaoujua ni wake tu, na wewe ulipaswa kujijua.

Halafu umekaa Eldoret miaka kumi na sita ukajifunza nusu ya mambo. Umewaona wanariadha wanavyokimbia siku ya kazi kali ukafikiri ndivyo ilivyo kila siku. Nenda ukawaone siku wanayopumzisha miguu: mabingwa wa dunia wanakwenda taratibu, wanapiga stori za ng'ombe, na mama mwenye ndoo ya maziwa kichwani anawapita na kuwasalimia. Ukimuiga mtu, muige na siku hiyo pia.

Haya, nisikilize vizuri. Hapo mahali padogo kama shilingi kumi panaponiogopesha, ndipo panapokupeleka hospitali wiki hii, kabla ya Jumamosi hiyo. Mfupa unaouma sehemu moja ukiguswa, tena ukiwa umekaa, unaweza kuwa na ufa, na ufa ukikimbiliwa unakuwa mvunjiko. Mwambie daktari kila kitu pamoja na vile vidonge, aupige picha mguu, na ukitoka hapo mwombe akuelekeze kwa watu wa fiziotherapia. Kukimbia kunasimama mpaka wao waseme. Unachoruhusiwa kufanya wakati huo watakwambia wao, na sahani yako hakuna anayekukataza kuipunguza. Usiogope, gorogoro tano hazirudi kwa sababu umepumzisha mfupa. Kisigino, jaza maji chupa ya plastiki ya soda, igandishe, uiviringishe chini ya unyayo jioni ukitazama habari.

Wakikuruhusu, utaanza tena kama mgeni: unakimbia dakika moja, unatembea mbili, na kesho yake hukimbii. Ukiweza kuongea na mwenzako bila kuhema, mwendo ni sawa. Ukishindwa kuongea, punguza, hata kama wale wa kwenye televisheni wanakuona. Na ununue viatu vya soli nene na nafasi ya vidole, hata vya mitumba, ila uvijaribu jioni miguu ikiwa imevimba kidogo, wala usiulize vilishinda wapi.

Jumamosi hukimbii. Nenda na machungwa, kaa kwenye utepe pale, uwaite wenzako kwa majina kwa sauti hiyo ya kwaya. Najua itakuuma kuliko mguu. Itapita.

Tumebaki na Jebet, na hapa ndipo naona ulipojipoteza kabisa. Barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta mahali huyo binti alipokuuliza hali ya viatu. Hakuna. Alikupa, akamaliza. Anachokuulizia kila asubuhi ni miguu yako. Mtu anayeishi kwa miguu yake haulizi hivyo ili kupitisha salamu, anauliza kwa sababu amewahi kuona wenzake wakijibu "iko fiti" na msimu wao ukaishia hapo. Amekuuliza miezi yote hii na wewe hujamjibu hata mara moja. Viatu vya waridi vitundike sebuleni karibu na picha ya harusi, George akivipiga picha tena hatutashangaa. Vimefanya kazi yake. Vilikutoa nyumbani.

Mama yako alipoteza mguu. Wewe bado unayo yote miwili, na jirani yako anaiulizia kila kukicha kabla hata hajanywa chai.

Kesho asubuhi shuka ngazi ukiangalia mbele, polepole, ukishika chuma, uende bombani. Akikuuliza miguu inasemaje, geuza ndoo uikalie, vua kiatu, umwonyeshe.

Mama Cherono