Programu Tuliyoikariri

Kalemie, 6 Novemba 2023

Yaya Twahiri,

Salaam aleikum, kaka yangu. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Manono na kile kifua kimepoa. Sisi hatujambo. Mama anakohoa kidogo kwa ajili ya moshi wa samaki, Papa yuko bandarini kama kawaida, anakusalimia.

Nimeanza informatiki, masomo ya kompyuta, hapa chuoni. Nakuandikia wewe kwa sababu ulipita njia hiyo, na siwezi kumwambia mtu mwingine: naogopa. Nilidhani tutawashiwa mashine siku ya kwanza, kumbe ni ubao na chaki. Mwalimu Alphonse anaandika, anafuta, anauliza, na vijana wa mbele wanajibu kama watu waliozaliwa na kompyuta kitandani. Mimi nimeigusa mara moja tu, pale biro, ofisini kwa Papa, nikafokewa. Na Papa amesema wazi kwamba mwaka huu ni wa kujaribu. Nikianguka, narudi sokoni na Mama. Niambie ukweli, mwaka wa kwanza ukoje?

Mdogo wako,
Djamila

Manono, 30 Novemba 2023

Mdogo wangu Djamila,

Waaleikum salaam. Kifua kimepona, shukrani kwa Mungu. Mwambie Mama apunguze moshi, hata kama najua hatasikia. Mtandao huku unashika kwa shida, kwa hiyo nampa barua Siméon, dereva wa lori.

Wale wa mbele wasikutishe. Wengi wanajua kupiga muziki kwenye mashine, na kozi hii siyo hiyo. Ni kozi ya kupanga hatua: chukua hiki, linganisha na kile, rudia mpaka viishe. Mtakaa ubaoni muda mrefu kabla ya kugusa mashine. Hesabu itakuwepo, lakini haitakuua. Utakosea kila siku, na ni kawaida. Mimi hapa kazini mashine inanikatalia asubuhi, tunapatana mchana.

Kinachonitia hofu ni kimoja. Madrasa ulikuwa wa kwanza kwa kukariri. Huko usikariri, nakuomba. Swali likigeuzwa kidogo tu, umekwisha.

Yaya wako,
Twahiri

Kalemie, 24 Aprili 2024

Yaya,

Salaam aleikum. U mzima? Mimi mwili upo, roho ndiyo haipo.

Barua yako ya Novemba nimeipata juzi. Siméon alihamishiwa njia ya Kabalo, barua ikabaki ndani ya koti lake. Nimeisoma nikalia, maana ulichonikataza ndicho nilichofanya. Nilikariri kila programu ya ubaoni, nikiyumba kama tulivyoyumba madrasa. Halafu nikawaita wenzangu: Viviane, binti wa Nyunzu anayekula kwetu, pamoja na Bijou na Patrick. Tulikaa barazani kwetu, mimi naongoza, wao wanaitikia. Mama naye akaanza kuitikia huku anaparua samaki. Tulifurahi sana.

Mtihani tuliandika kwenye karatasi, kwa sababu maji ya ziwa yameingia chumba cha mashine. Tulikuwa tumekariri namna ya kutafuta samaki mwenye uzito mkubwa kuliko wote. Swali likaomba mwenye uzito mdogo. Wote wanne tukageuza alama moja tu, ya "kubwa kuliko" ikawa "ndogo kuliko", na kuuacha vilevile mstari wa mwanzo unaosema anza na sifuri. Sasa hakuna samaki mwenye uzito chini ya sifuri, kwa hiyo programu yetu inajibu sifuri siku zote. Karatasi nne, kosa moja. Mwalimu alizishika juu mbele ya darasa: "Muntu mumoja njo aliandika, wengine mulikopia. Mumutaje, ao wote munafukuzwa."

Baadaye akaniita peke yangu. Akaniambia nikisema wenzangu walinikopia, yaani walinakili kwangu, mimi nitabaki na wao watafukuzwa. Chuo kimefungwa mpaka maji yapungue, kisha tutaitwa mbele ya walimu. Silali vizuri. Nifanye nini?

Mdogo wako,
Djamila

Manono, 11 Mei 2024

Djamila,

Sina salamu nyingi, Siméon amerudishwa njia yetu na anapiga honi. Sema wamekopia. Najua Viviane amekula sahani moja na wewe. Lakini Papa namjua, akisema sokoni ni sokoni, na huko hutoki tena. Ninaogopa kuliko wewe. Sema, ujiokoe.

Yaya wako,
Twahiri

Kalemie, 20 Juni 2024

Yaya Twahiri,

Salaam aleikum. Mama hajambo, kikohozi kimempungua. Nawe usiumwe huko.

Barua yako ilifika kabla hatujaitwa na, sitakudanganya, niliamua kukutii. Siku ile mbele ya walimu nilifungua mdomo nimtaje Viviane, maana ndiye aliyesimama karibu. Sauti haikutoka. Usidhani ni ushujaa, ni woga tu. Kabla sijajaribu tena, Viviane mwenyewe akasema: "Hatukukopia, Mwalimu. Tulikariri. Djamila njo alitufundisha, tulikuwa tunaimba."

Walimu wawili wakacheka. Mwalimu Alphonse hakucheka. Akatoa chaki: "Basi kila mumoja ubaoni. Bila kuimba."

Nikawa wa kwanza. Yaya, niliandika sifuri ile ile. Nilijua ni kosa, lakini mkono ulijua njia moja tu. Nikafuta, nikaandika sifuri tena. Nikaambiwa nikae.

Viviane aliuchunguza ubao kwanza. Kisha akasema: "Hii sifuri si samaki. Tuanze na samaki wa kwanza, tumulinganishe na wanaofuata." Akaandika mpaka mwisho. Mimi sikumfundisha hivyo.

Wametuamini, hakuna aliyefukuzwa. Yeye amepita. Mimi, Bijou na Patrick tunarudia mtihani mwezi wa tisa. Papa hakufoka, na afadhali angefoka. Alisema tu, "Mwezi wa tisa, hakuna mara ingine."

Viviane anakuja kila siku kunifundisha. Hajui nilichotaka kumfanyia, na nikimtazama usoni naona haya. Ananipa swali ambalo sijawahi kuliona, kisha anakaa mlangoni ili nisitoroke. Karatasi nyeupe inanitisha kuliko wale walimu watatu. Leo chai yake imepoa akinisubiri. Niliandika mstari, nikaukata, nikaandika mwingine. Huo wa pili sikuukariri popote. Sijui kama ni sahihi.

Mdogo wako,
Djamila