Baba Niliyemchagua Amemkataa Mwingereza Wangu

Mama Bamurange mpendwa, shikamoo. Nakuandikia kutoka Buffalo, mtaa wa Bailey, nikuombe akili maana zangu zimeniishia. Naitwa Fides, Mrundi niliyekulia kambini Tanzania, baba yangu alifia hukohuko kambini nikiwa bado mdogo, na tangu hapo natamani kitu kimoja ambacho labda utakicheka, kwamba siku ya posa yangu awepo mwanaume wa kusimama mbele ya wageni na kusema huyu ni binti yangu, mnamtakia nini.

Mchumba ninaye, ni Dionizi, tulikua pamoja, lakini mimi nikaletwa Amerika na yeye akapelekwa Uingereza, na miaka yote hii tunapendana kwa simu tu, mimi nikitoka kiwandani kwake kunakaribia kucha, na namkumbuka mpaka nikisikia harufu ya moshi wa kuni machozi yananitoka. Mjomba wake Aloisi, anayeishi Louisville, atakuja naye kumposea baada ya Pasaka, nami nikamwomba mwenye nyumba wangu, Mzee Garrity, asimame kama baba yangu. Ni mzungu wa miaka tisini na kitu, mjane, anakaa chini mimi juu, wakati wa baridi ananigongea bomba la hita nisichelewe kazini, nami namshushia ugali na maharage. Alipokubali alilia, akaitoa suti yake kabatini.

Kosa ni langu. Kanisani rafiki zangu wanamtania Dionizi kwa jina la Mwingereza, basi nikamropokea mzee kwa furaha kwamba Mwingereza wangu anakuja. Mama, alivyokunja uso! Akasema baba yake, ambaye wazazi wake walitoka Ireland, hakuruhusu hata kitambaa cha Uingereza kiingie nyumba hii, kwamba shuleni alifundishwa jinsi jeshi la Waingereza lilivyoichoma Buffalo mwaka 1813 na nyumbani akafundishwa jinsi walivyowaacha babu zake wafe njaa, na mwaka 1917 serikali ya Amerika ilipotangaza kwamba sasa Mwingereza ni rafiki na tupigane upande wake, nusu ya mtaa ilinuna, baba yake akaenda vitani akisema anakwenda kwa ajili ya Mfaransa. Nikamweleza kwamba Dionizi ni Mrundi kama mimi. Akaniuliza neno moja tu, "Amemwapia malkia?" Nikasema ndiyo, maana alipopata uraia aliapa. Akasema, "Basi mimi siwezi, tafuta mwingine." Tangu siku hiyo hanigongei bomba.

Aloisi naye ananiambia kwenye simu, "Fides, unajisumbua na huyo mzungu ya nini? Huku mtaani kwetu South End wazee Warundi wamejaa, nakuletea mmoja kwenye gari. Au mwambie huyo mzee kwamba Dionizi hakuapa, atajuaje?" Nifanye nini, Mama? Mzee wa kuazima simtaki. Namtaka huyu.

Fides, Buffalo

Fides mwanangu, marahaba. Pole, sasa kaa uambiwe.

Huyo Aloisi aje na heshima zake, na mzee wa kwenye gari amwache hukohuko Louisville. Uongo usiuguse. Mtu aliyetunza hasira ya baba yake maisha yote atamhoji Dionizi kabla soda hazijafunguliwa, na hapo utakuwa umepoteza baba na mchumba kwa mkupuo.

Na usimcheke mzee. Mwenye kovu usidhani kapoa. Zamani hizo Waamerika wengi walimtazama Mwingereza kwa jicho la pembeni, si watu wa Ireland peke yao. Hapa Columbus nilipo walijaa Wajerumani waliomchukia kwa sababu zao wenyewe, huku matajiri wakihangaika kuwaoza binti zao kwa makabaila wake. Nyumba hii inamtukana, nyumba ya pili inaiga anavyokunywa chai. Garrity alizaliwa kwenye nyumba ya matusi. Na wewe, ukiambiwa mkwe anatoka upande uliochoma nyumba ya baba yako, ungempokea kwa vigelegele? Basi Dionizi ampigie simu mwenyewe, amweleze kwa nini aliapa: alifukuzwa kwao, akafunguliwa mlango, akaingia. Watu wa Ireland wanaijua habari hiyo, wengi wao walikwenda kutafuta kazi kwa Mwingereza huyohuyo.

Bon, jingine. Kwetu mzee wa upande wa binti hukataa kwanza, ndiyo desturi, na wageni hubembeleza. Wako amekataa bila kufundishwa. Unataka baba gani tena?

Lakini barua yako nimeisoma mara mbili, na kuna jambo umelikwepa. Mkishaoana mtaishi wapi? Mimi hujaniambia, na mzee najua hujamwambia. Mtu hakunji uso hivyo kwa ajili ya vita vya baba yake tu. Alisikia Mwingereza anakuja, akaelewa kwamba anakuja kukuchukua. Wewe ulikuwa unatafuta baba wa siku moja, hukuona kwamba yeye ameshakuwa baba wa kila siku.

Shuka ngazi jioni hii, kabla ya simu ya Dionizi. Usibebe ugali, ataona ni rushwa. Kama ni Uingereza, sema Uingereza. Huenda akakufungia mlango. Rudi kesho, ugonge tena. Usimkasirikie. Kazi uliyomwomba ni ya kumtoa binti nyumbani, na hakuna baba anayeipenda.