Aliyeuliza Korongo Limefika Wapi

Chang'ombe, Dodoma
Ijumaa, baada ya swala

Kwako Bibi, mke wangu mkubwa,

Shikamoo. Najua umeshaitikia kabla Mwajuma hajalimaliza neno lenyewe, na kwa sauti ya chini umeongeza "mwongo huyo". Sawa, nimepokea. Mgongo unasemaje? Na lile jino lako la mbele, bado linafanya kazi au limeshastaafu? Mimi mumeo ni mzima, nimenenepa kidogo shingoni. Wasichana wa huku wananitazama sana, ila nawaambia nina mtu Kondoa, ana wivu na ana fimbo.

Mwajuma, mdogo wangu unayesoma: soma polepole, usiruke mistari na usiongeze ya kwako. Najua wewe umefika kidato nilichokikimbia mimi, lakini barua ni yangu, usinisahihishe mbele ya mke wangu. Na nikiandika "funga mlango", funga mlango kweli.

Utauliza kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Bibi, wewe simu unaishika kama unaipima homa, halafu unaweka sauti ya nje, uani wanasikia wote mpaka kuku. Ninayotaka kusema leo si ya kuku. Ndiyo maana nimempa konda wa basi la Kondoa aifikishe dukani kwa mjomba Swalehe.

Kwanza habari za kazi, ujue umeolewa na mtu wa namna gani. Walikuambia nafagia ofisi ya watu huko Makole. Wamekudanganya nusu. Nafagia asubuhi, jua likipanda mimi ni mtaalamu. Ofisi ni ya Dada Neema, Mgogo wa Mpwapwa, kasoma chuo hapa hapa mjini. Haongei sana, ila akikutazama unajikumbuka. Kazi yetu ni kurasa za mtandaoni. Nikueleze kisokoni: kuna mzee ana gesti Miyuji. Zamani aliweka bango barabarani, akamaliza. Siku hizi karani anayekuja kikao cha Bunge, akiwa bado yuko Mbeya kwake, anashika simu anaandika "gesti safi Dodoma yenye maji". Mtambo wa kutafutia unamletea majina ya magesti, moja chini ya lingine, kama foleni ya ndoo bombani. Aliye mbele anapata mgeni. Aliye nyuma anabaki na vitanda vyake vimetandikwa. Sisi kazi yetu ni kumsogeza mtu mbele kwenye foleni hiyo.

Na mgeni akishafika kwenye ukurasa, asisumbuke. Picha zifunguke upesi, bei ionekane, namba ya simu isifichwe kama bangili za bi harusi. Hapo ndipo naingia mimi. Unaikumbuka simu yangu yenye kioo kilichopasuka, ile uliyosema imepigwa teke na punda? Dada Neema anasema wageni wengi wana simu za aina hiyo, si kama yake ya kung'aa. Basi napewa ukurasa naambiwa, "Iddi, tafuta chumba." Natafuta. Nikikwama, natukana, na yeye anaandika pale nilipotukania ili parekebishwe. Bibi, mjini watu wanalipwa kwa kutukana. Wewe ungekuwa tajiri mpaka ungenunua basi.

Usidhani siharibu. Niliona hii foleni mbona ina dawa. Kama mtambo unapenda maneno "gesti safi Dodoma", si tuulishe maneno hayo mpaka ushibe? Nikayajaza chini ya ukurasa wa yule mzee wa Miyuji, mstari juu ya mstari, herufi nyeupe juu ya weupe, binadamu asione, mtambo uone. Nikajiona fundi wa mafundi. Baada ya muda mfupi gesti ikaporomoka kwenye foleni, tukaitafuta mpaka huko nyuma ambako hata nzi hawaendi. Kumbe mtambo unaijua janja hiyo tangu mimi sijaota ndevu. Mzee akaja mwenyewe ofisini, kofia mkononi.

"Kijana, gesti yangu imehamia wapi?"

"Iko Miyuji, mzee, haijahama."

"Mbona wageni hawaijui tena?"

Dada Neema akafungua, akayaona yale maneno meupe yamejipanga kama siafu.

"Iddi, hii ni nini?"

"Bidii, dada."

"Kuna mtu amekuuliza haya mara zote hizi?"

"Hakuna."

"Sasa ulikuwa unamjibu nani?"

Nikachukua ufagio, nikafagia palipokuwa pasafi. Maneno tumeyafuta, gesti inarudi mbele taratibu, mzee ameanza tena kunisalimia. Ila Dada Neema akanipa adhabu: nitengeneze ukurasa wangu mwenyewe, wa kitu ninachokijua, nimwandikie mtu mmoja tu anayetaka kujua kweli.

Nikaandika wa kwetu.

Nikuambie kwa nini. Nilipofika hapa, kila jioni nilikuwa naandika jina la kijiji chetu kwenye simu, nione nitaletewa nini. Naletewa hali ya hewa, na ramani yenye uwazi mtupu katikati. Kana kwamba hakuna mtu aliyewahi kuzaliwa pale. Huku mji ni mzuri, sikatai, lami inateleza kama mlenda. Lakini mlenda wenyewe hakuna, wa kwako ule. Chai ya huku ina chumvi ya maji. Upepo unakupiga vumbi mchana kutwa, halafu mtu anakuuliza "unatoka wapi?" na kabla hujajibu keshageukia simu yake. Asubuhi nikiamka, dakika ya kwanza nasikiliza kama nitasikia jiwe lako likisaga uwele. Nasikia pikipiki. Usimwambie mtu nimesema hivi, nina heshima yangu huku.

Basi nikaandika yote. Namna ya kufika kutoka Kondoa mjini, gari lipi siku ya mnada, barabara inakatika wapi mvua zikichachamaa. Asali iko kwa nani. Mlenda unapikwaje, nikaandika kama unavyopika wewe, tangu kuuchuma kwenye ukungu wa asubuhi na kila kitu. Nikaweka zile picha alizopiga Mwajuma kwa simu ya mjomba Swalehe, nikazipunguza uzito zifunguke hata kwenye mtandao wa kuchechemea. Na wewe umo, umekaa mlangoni umetupa mgongo kwa sababu ulikataa kupigwa picha. Umependeza. Mgongo huo sasa unaonekana dunia nzima.

Mwisho nikaweka kisanduku cha kutafutia. Ni kama kile kidirisha cha duka la mjomba: mtu anaingiza kichwa anauliza, "Kuna chumvi?" Akiandika neno, ukurasa unamwonesha palipo na neno hilo. Kama halipo, unamwambia: "Hakuna kilichopatikana. Jaribu maneno mengine." Hayo maneno niliyatunga mwenyewe, nikayaona ya kistaarabu sana. Na kisanduku kinanitunzia alichouliza kila mtu, nijue nimesahau kuandika nini. Jina la mtu hakisemi, ila nchi aliko na aina ya simu yake kinaonesha.

Mwajuma, funga mlango.

Bibi, wengi wanauliza asali. Wengine wanauliza barabara. Siku moja nafungua, nakuta mtu ameandika: korongo la Mabaka.

Nikakaa chini. Wewe unajua, Mwajuma alikuwa mdogo hajui vizuri, nimweleze. Mabaka ni yule ng'ombe dume wa plau wa Baba. Kaka Rajabu aliachiwa achunge, akawaacha ng'ombe ukingoni akaenda kuangalia mpira kwa mwenye dishi. Ukingo ukamomonyoka, Mabaka akaenda nao chini. Baba alimchinja humo humo korongoni, akapanda na kisu mkononi, akamwambia Rajabu, "Ng'ombe hatarudi. Na wewe usirudi." Kaka aliondoka na shati alilovaa. Tangu siku hiyo hatumtaji Mabaka, hatumtaji Rajabu. Jina la korongo tulikuwa tunaliita sisi wawili tu, mimi na yeye, siku chache zile alipokuwa anajificha kwa mjomba kabla hajaenda kusini. Hakuna mtu mwingine anayeliita hivyo.

Ukurasa ukamjibu: Hakuna kilichopatikana. Jaribu maneno mengine.

Akajaribu. Aliandika: korongo limefika kwa bibi.

Unakumbuka alivyokuwa anapima kwa miguu kila mvua zikiisha, kutoka ukingoni mpaka ukuta wako, halafu analala hana raha? Ndicho alichotaka kujua. Na mimi nikamjibu tena hakuna.

Nikampelekea Dada Neema simu. Akasoma.

"Anaweza kuwa mtu yeyote, Iddi."

"Mtu yeyote hamjui Mabaka, dada."

"Yuko wapi?"

"Inaonesha upande wa Msumbiji. Na ana simu mbovu kama yangu."

"Namba yako ipo kwenye ukurasa?"

"Ipo, kubwa, juu kabisa."

"Amepiga?"

"Hajapiga."

Akanirudishia simu. "Basi mjibu alichouliza. Mengine usimlazimishe. Na majina ya nyumbani kwenu usiyaweke hadharani."

Nikamjibu. Niliandika kwenye ukurasa kwamba lile korongo kubwa halijafika kwenye nyumba, limesimama. Kwamba mwenye shamba amepanda mikonge ukingoni, kila mvua anaongeza, anapanda peke yake na hataki kusaidiwa, na sasa mikonge imeshika udongo. Nikaweka na picha, moja ya zile za Mwajuma. Na kwamba bibi mwenye nyumba ya juu yuko hai, anasaga, anatukana vizuri.

Alirudi. Naona kabisa alirudi, maana ukurasa unaonesha kama mtu amepita tu au amekaa. Huyu alikaa. Alikaa kwenye picha ya mikonge muda mrefu kuliko mtu wa asali anavyokaa kwenye ukurasa mzima. Halafu akaenda kwenye kisanduku akaandika neno moja.

Baba.

Mikonge nilikuwa nimemwekea, na kama neno baba lingekuwepo hapo, kisanduku kingemrudisha hapo hapo alipokuwa. Lakini nilikuwa nimeshaondoa hilo neno, nimeandika "mwenye shamba", kwa sababu nilikatazwa kuweka ya nyumbani kwetu hadharani. Kwa hiyo ukurasa ukamwambia: Hakuna kilichopatikana. Jaribu maneno mengine.

Bibi, maneno mengine ni yapi? Mtu ameandika baba, aandike nini tena?

Kurudisha neno ni kazi ya kupepesa jicho. Hilo silo tatizo. Tatizo ni kwamba akibofya, akute nini. Hili siwezi kulijibu, hata niwe mtaalamu wa kiasi gani. Na Baba siwezi kumwuliza mimi, ataniambia nimeshiba mjini, atakata simu. Wewe ni mama yake. Umemnyonyesha, umemchapa. Muulize akiwa anakula, mkono uko kwenye ugali, hawezi kuinuka upesi. Muulize anasemaje kwa yule mtu wa korongo. Sentensi moja tu. Asipotaka kutaja jina, asitaje. Hata akisema "mikonge bado haijaisha, mikono inahitajika", nitaandika hivyo hivyo kama ilivyotoka kinywani mwake. Akitukana kidogo ndani yake, nayo nitaandika, atajua ni yeye kweli.

Lakini akikataa, niambie amekataa. Usinitungie. Najua unaweza kunitungia maneno matamu kwa ajili ya kumpata mjukuu wako. Kaka ataamini, atakuja na kamfuko kake kutoka huko Msumbiji, atapanda mlima ule, halafu akutane na Baba uani. Safari hii hatarudi tena hata kwenye kisanduku.

Mama usimsomee bado. Atalia kwanza, na akilia Baba atajua. Msalimie tu, mwambie nakula vizuri. Msalimie mjomba Swalehe, mwambie deni langu la heshima kwake liko palepale, barua zangu zinapita kwake. Msalimie shangazi wa mtaa wa chini na mapacha wake wale waharibifu. Msalimie mzee wetu wa adhana, kifua chake kimepona? Mwalimu wa Mwajuma naye, mwambie mwanafunzi wake anasoma vizuri, ila pua inaingia kwenye mambo ya wakubwa. Na Baba msalimie kwa heshima zote, mwambie naswali.

Jibu mpe konda yule yule, hata likiwa na maneno mawili. Huku kila nikifika kazini, kabla sijashika ufagio, nafungua kwanza kisanduku. Jana nilimkuta amerudi. Aliandika neno lile lile.

Wako, mume asiye na mahari,

Iddi