Ndiyo ya Kichwa

Jumanne, 9 Julai 2024
Radi! Imepiga dishi la jengo alasiri. King'amuzi chetu kimetoa moshi, kimekwisha. Zdravka, mke wangu, alikuwa sokoni kununua pilipili. Aliniachia agizo moja tu: Stoicho, mawingu yakija, chomoa waya wa umeme wa king'amuzi. Nikasema sawa — nikalala usingizi wa pono! Aliporudi akauliza kama nilichomoa. Nikasema nilichomoa. Basi radi imepitia waya wa dishi, akasema. Nikaitikia. Mzee mzima, naongopa kwa ajili ya waya!

Jumatano, 10 Julai
Tumepiga simu kampuni ya king'amuzi. Kama kilichomolewa, wanalipa wao. Kama hakikuchomolewa, unalipa mwenyewe — leva mia na themanini! Fundi anakuja kesho. Jioni tumekula tarator, supu ya baridi ya mtindi na matango, kibarazani, tukawasengenya majirani. Bila televisheni mke wangu anachekesha kweli. Raha tupu.

Alhamisi, 11 Julai
Fundi ni Ognyan, Mbulgaria mwenzetu, ila kazaliwa Ujerumani, kaja huku juzi tu. Zdravka alikuwa jikoni. Ognyan akauliza: "Mzee, radi ilipopiga, kilikuwa kimechomekwa?" Aibu! Nikisema, Zdravka atasikia. Nikatikisa kichwa kulia na kushoto. Kwetu hiyo ni ndiyo, tangu enzi za mababu. Yeye akaandika HAPANA! Nikasaini fomu bila kusoma. Nakala nimeiona baadaye, fundi keshaondoka. Kampuni inalipa.
Lakini mimi nilikiri, jamani! Kosa langu liko wapi?

Jumamosi, 13 Julai
King'amuzi kipya! Mpira wa wavu, picha safi kama maji. Zdravka kaoka banitsa, andazi la jibini, kawagawia majirani wa ngazi yetu nzima. Anajigamba: "Jengo zima, mwanaume anayemsikiliza mkewe ni wangu peke yake!" Yordanka, jirani wa chini, chake pia kiliungua; alisema ukweli kwamba hakuchomoa, kwa hiyo analipa. Kafura. "Radi moja, dishi moja, mimi nilipe, yeye asilipe?" Kapiga simu kampuni.
Banitsa ilikuwa tamu. Kipande cha tatu nimekirudisha sahanini.

Jumatatu, 15 Julai
Mkaguzi wa kampuni kaja. Mama wa makamo, mzaliwa wa hapahapa — huyu hasomi kichwa kinyume. Nimejifungia chumbani, nimesema natafuta fomu. Fomu ninayo mkononi. Nawasikia sebuleni. Zdravka anammiminia kahawa, anacheka.
"Fomu ya nini, dada? Muulize mwenyewe. Miaka arobaini na moja ya ndoa, huyu hajanidanganya hata siku moja."
Kisha anapaza sauti:
"Stoicho! Njoo umwambie!"