Magauni Mawili ya Idi

Nyakabiga, 6 Mei 2024

Dada Adija,

Salamu nyingi. Mimi mzima, sijui nyinyi huko Asiatique na pilika za harusi. Mama hajambo? Houda je, jino limeota? Barua nimempa rafiki yangu Benite akupe mkononi, maana simu yako inashikwa na kila mtu.

Nina habari tamu. Darasani kwetu kwa Kiingereza tunarudia dhamira na mbinu za hadithi kabla ya mtihani, na mwalimu alitaka kila mmoja aandike hadithi fupi ya kuchambua. Yangu ndiyo iliyosomwa mbele ya wote! Msichana anajifungua, mama yake anamlea mtoto kama wake, mtoto anakua akimwita mzazi wake dada. Kila Idi msichana anashona magauni mawili ya kitambaa kimoja, lake na la mtoto. Mwalimu akasema magauni ndiyo ishara. Mwishoni anamkumbatia mtoto na kumwambia ukweli. Kumi na saba juu ya ishirini!

Usiogope, majina nimebadilisha yote.

Dada yako,
Orpha

Asiatique, 9 Mei 2024

Orpha,

Sisi wazima. Jino limeota.

Siku najifungua ulinishika mkono, nikakuapisha. Leo umebadilisha majina, magauni ukayaacha? Idi iliyopita mimi na Houda tulivaa kitenge cha kijani chenye samaki wa njano, mtaa mzima ulituona. Nijibu leo hii: ulitaja rangi? Na Zubeda, dada yake mchumba wangu Anouar, alikuwepo? Nasikia anasoma hapo hapo. Akijua, ndoa imekufa, na mtoto wa miaka tisa ataambiwa na midomo ya watu. Nilitaka kumwambia mwenyewe. Miaka yote hii najipangia maneno.

Naogopa sana.

Dada yako,
Adija

Nyakabiga, 20 Juni 2024

Dada mpendwa,

Natumaini barua hii inawakuta salama. Nisamehe kuchelewa, niliona aibu, na sasa simu zangu hupokei.

Nilitaja rangi. Na samaki. Mwalimu alisema tuandike vitu vinavyoonekana kwa macho. Zubeda alikaa mbele. Ndiye aliyenyoosha kidole akauliza, "Huyo mutoto anaitwa nani?" Darasa likacheka, na mimi nikacheka nao. Nisamehe, dada. Moyo wangu ni jiwe lililopasuka. Niambie nije lini nipige magoti. Nisamehe.

Dada yako siku zote,
Orpha

Asiatique, 12 Julai 2024

Orpha,

Mama hajambo. Houda anakula kidogo.

Barua yako nimeichambua kama mnavyofundishwa. Dhamira ni majuto. Takriri: "nisamehe" mara tatu. Moyo kuitwa jiwe ni sitiari, tena ya kuazima. Wiki sita za kimya hazina jina katika daftari lako, mimi naziita woga. Nakupa mbili juu ya ishirini, kwa sababu ya mwandiko.

Zubeda na shangazi zake walikuja tarehe kumi na mbili Mei. Ungejibu siku niliyokuomba, ningekuwa nimeshamwambia mtoto. Walimkuta Houda uani, wakamwambia wao. Kisha wakamsimamisha sebuleni na gauni lake la samaki, wakaniuliza, "Adija, huyu mutoto ni wako?"

Anouar alikuwa mlangoni. Nikasema, "Apana. Wallahi, mi sina mutoto."

Houda alikuwa ananitazama mdomoni.

Anouar alinioa Ijumaa iliyopita. Watu wanasema nina bahati. Houda haniiti mama, na dada pia ameacha. Ananiita "we". "We, chai iko tayari." Nakunywa.

Usije. Ila ile hadithi yako, nenda ukafute mwisho, na umrudishie mwalimu alama zake.

Ni mimi,
dada yake Houda