Mume Wangu Anataka Kuuza Maksai Anunue Taa ya Sinema

Mama Severina, shikamoo. Nakuandikia kutoka Chimala, nimekaa nyuma ya ghala ili watoto wasinione, na ninachoomba ni unisaidie kuchagua kitu ambacho mimi mwenyewe sikijui vizuri, yaani taa ya mashine ya sinema, maana mume wangu anataka kufunga taa kubwa zaidi, na fundi anasema kama ni lazima tununue kitu basi tununue lenzi, na mimi kuna siku naona tusinunue chochote, na mnada wa ng'ombe umekaribia na akishauza hakuna kurudi nyuma.

Jina langu ni Verediana, mzaliwa wa Kihesa, Iringa, na mume wangu ni Nkuba, Msukuma, ambaye wazazi wake walihamia huku Usangu na mifugo yao. Zamani aliajiriwa kwenye gari la sinema lililokuwa linazunguka vijijini, na gari lile lilipoacha kuzunguka akaipata mashine ya zamani, akaja kuifunga hapa Chimala ndani ya ghala la mpunga, na mpunga ukishatoka watu wanakaa humo kwenye mabenchi na magunia. Mama, usidhani ni jambo dogo hapa kwetu. Watu wanatembea kutoka mbali kuja kuona picha, na wanakuja zaidi kwa ajili ya Nkuba, kwa sababu yeye husimama kando ya mashine na kutusimulia kwa Kiswahili, na kwa Kisukuma kwa ajili ya wazee, yale yanayotokea kwenye picha, hata kama waigizaji wanazungumza Kihindi ambacho hakijui, na watu wanacheka na kulia kwa maneno yake.

Mwaka jana alianza kusema picha imefifia. Kwanza akasema shuka ya ukutani ni chafu, nikaifua na kuitia bluu, haikutosha, tukanunua nyingine mpya. Halafu akasema ghala lenyewe ni jeusi linameza mwanga, akapaka chokaa kuta zote. Halafu akasafiri hadi Mlandege, Iringa, kwa fundi Ambrosi, anayetengeneza redio na mashine za namna hii, akabadilisha lenzi, akarudi amefurahi, na mwezi haukuisha akaanza tena, giza, giza. Sasa amesikia kuna taa yenye nguvu maradufu imetolewa kwenye mashine kubwa iliyovunjika, na hiyo ndiyo anayoitaka.

Mimi nilipokwenda Kihesa kumwuguza mama yangu nilipita kwa Ambrosi nimwulize. Akaniambia, "Shemeji, mashine yenu imezeeka. Feni yake ni ndogo, haiwezi kupoza taa ile. Itawaunguzia filamu, na filamu zenyewe ni za kukodi, na jenereta nayo itazidiwa. Kama Nkuba hatulii bila kununua kitu, mpeni lenzi nyingine, hiyo haina madhara." Kisha akaniangalia. "Lakini niambie, picha imefifia kwa nani?" Nikamjibu imefifia kwetu sote, nikaaga haraka, nikaondoka.

Mama, nilimdanganya. Picha haijafifia. Tangu kuta zilipopakwa chokaa na lenzi ikawa mpya, picha inang'aa mpaka watu wa benchi la mbele wanakinga macho kwa mikono.

Anayeona giza ni Nkuba peke yake. Filamu anaipitisha kwenye mashine kwa vidole bila kutazama, na mimi nilikuwa nadhani ni ufundi. Ukisimama kushoto kwake anakupita bila salamu. Chai anaimimina huku ameweka kidole ndani ya kikombe. Juzi alikuwa anavuka barabara, na tangu lami ilipofika hapa malori hayamsubiri mtu, dereva mmoja akakanyaga breki na kumtukana, "Wewe kipofu?" Nkuba alikuja nyumbani akatusimulia akicheka, akasimulia tena, na tena, mpaka watoto wakaacha kucheka.

Lililonivunja ni la mwezi uliopita. Tulionyesha picha ya Kihindi ya harusi. Bibi harusi alikuwa amekaa peke yake analia, ndugu yake amekufa njiani, na machozi yake yalionekana hata ukiwa mlangoni. Nkuba akasema kwa ile sauti yake nzuri, "Mtazameni, anacheka, bwana harusi amefika!" Watu wa benchi la mbele wakageuka kumtazama. Kisha mzee Shigela, jirani yetu, ambaye amechunga na Nkuba tangu utotoni, akaangua kicheko kikubwa, na wengine wakaelewa, wakamfuata, watu wote wakamcheka mwanamke anayelia. Binti yetu Evarista aliyekuwa anapokea tiketi akanishika mkono. "Mama, mbona wanacheka?"

Tulipokuwa tunafunga mashine Nkuba akaniuliza, "Leo umeonaje?"

Nikasema, "Giza, baba Evarista. Giza kweli."

Akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Nilijua," akasema. "Nitauza maksai."

Hao maksai ndio wanaotulimia shamba la mpunga, na mvua ziko njiani.

Utaniuliza kwa nini simwambii. Baba yake, mzee Ndalahwa, alifariki akiwa haoni kabisa. Nkuba ndiye aliyekuwa akimshikia fimbo na kumwongoza kila aendako, na watoto wengine walikuwa wanaweka magogo njiani ili mzee ajikwae nao wacheke. Aliniambia habari hiyo mara moja tu, mwaka tuliooana, akasema, "Mimi Mungu anichukue kabla ya hapo." Sasa mimi nitafungua kinywa gani? Kwa hiyo nakuuliza, Mama, je, nimwache anunue ile taa ili moyo wake utulie, au nimbembeleze achukue lenzi, ambayo angalau haitaunguza kitu?

Ni mimi, Verediana, Chimala.


MAMA SEVERINA ANAJIBU

Verediana, marahaba. Umeandika karatasi nzima kuhusu taa, lakini swali lako umelijibu mwenyewe katikati, ukalipita kama mumeo anavyompita mtu aliyesimama kushoto kwake. Hakuna taa inayouzwa Mlandege, wala Mbeya, wala Dar es Salaam, itakayomfaa Nkuba. Usinunue taa. Usinunue lenzi pia. Fundi wenu amesema ukweli kuhusu mashine, na alikuuliza swali moja la maana kuliko yote, nawe ukamkimbia.

Ninakuonea huruma, tena sana. Nimekusoma mara mbili na niliposoma habari ya kicheko cha ghalani nilibaki nimeiweka barua chini. Lakini nitakuambia jinsi ninavyoiona huruma yenu hiyo. Mtu anapungukiwa macho, na kijiji kizima kinakubaliana kumzibia na masikio. Alikuwa na njia moja tu iliyobaki ya kujua bibi harusi analia, nayo ni kuambiwa na wanaompenda, na nyinyi mkaifunga. Shigela alicheka kwa upendo, sikatai. Wewe ulisema "giza kweli" kwa upendo. Matokeo yake ni mwanamume anayesimama mbele ya watu akisema lisilokuwapo, na kesho atasimama mbele ya lori. Unafikiri dereva wa pili naye atawahi breki?

Unasema anaogopa kuwa kama baba yake. Naamini anajua tayari, mama. Mtu anayesimulia tusi la dereva mara tatu anajua. Anachokosa ni mtu wa kujua pamoja naye. Unamwacha peke yake na hofu hiyo, kisha unaita kumstahi.

Tena kuna jambo hukuliuliza. Mimi si daktari na sitajifanya kujua ni ugonjwa gani, lakini yako magonjwa ya macho yanayotibika na yako yanayoweza kusimamishwa yasiendelee, na yote yanataka mtu afike mapema. Kila mwezi mnaoupoteza kwa mashuka na chokaa ni mwezi wa macho yake. Ugonjwa wa baba yake utajwe kwa daktari, usifichwe kama aibu.

Basi fanya hivi, na ufanye kabla ya mnada. Mwambie wewe mwenyewe, mchana, mkiwa wawili tu. Usimtume Shigela, usimtumie mtoto, na usiseme "watu wanasema". Anza na kosa lako: mwambie ulimdanganya usiku ule, na picha ilikuwa safi. Yatakayofuata yatakuwa mabaya. Atakasirika, pengine atakukataza usimsemeshe. Vumilia, pika, kaa hapo hapo, wala usirudishe maneno yako nyuma ili akupende tena. Atakapokubali, mpande gari wote wawili mwende hospitali yenye daktari wa macho, wewe uwe upande wake wa kushoto barabarani. Mpaka hapo petroli ya jenereta iguswe na mtu anayeona tu, hilo halina mjadala. Maksai walime. Na taa ya mashine ikiungua siku yake ikifika, nunueni ya kipimo kile kile ilichozaliwa nacho.

Mama Severina


Wasomaji, barua ifuatayo ilifika wakati wa mvua. Naiweka hapa kwa ruhusa ya wenyewe.

Mama Severina, shikamoo. Nilimwambia. Tulikuwa shambani tunasafisha mfereji, jua liko utosini, nikaona nikingoja tutakaporudi nyumbani sitasema tena. Nilianza na kosa langu kama ulivyoniagiza. Aliendelea kuchimba kwa muda, halafu akauliza, "Shigela naye anajua?"

Nikasema, "Anajua."

"Na yule bibi harusi?"

"Alikuwa analia, baba Evarista. Ndugu yake alikuwa amekufa."

Akakaa kwenye tuta akafunika uso. Alisema, "Nimewafanya watu wamcheke mfiwa." Hakusema kuhusu macho, alisema hilo tu. Baada ya hapo hakunisemesha, na Shigela alipokuja alimfukuza mlangoni, na mzee yule alilia kama mtoto kwenye njia ya kwenda kwake. Mama, zile siku sitazisahau, nilijuta kukuandikia. Nilipika, alikula kidogo, akawa anakaa ghalani na mashine yake iliyozimwa. Siku ya mnada ilifika, maksai wakabaki zizini, na sikuthubutu kuuliza. Kisha asubuhi moja alivaa koti akasimama uani, akasema, "Haya, twende huko hospitali."

Daktari alimpima kwa muda mrefu. Alisema ni presha ya ndani ya jicho, na hata ya baba yake huenda ilikuwa hiyo hiyo. Jicho la kushoto limekwisha. La kulia limebaki na sehemu, kama mtu anayechungulia kupitia tundu la ufunguo, na tukitia dawa ya matone kila siku bila kukosa huenda sehemu hiyo ikabaki. Lililopotea halirudi. Alisema pia afadhali tungekuja mwaka jana, na hakusema kwa ukali, lakini Mama, nililisikia mpaka kwenye mifupa, kwa sababu mwaka jana mimi nilikuwa nafua shuka. Kwenye gari tukirudi Nkuba alinishika mkono, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kunigusa tangu siku ya mfereji.

Shigela alikuja tena jioni ile. Nkuba alimruhusu akae. Sasa Shigela ndiye anayewasha jenereta.

Jumamosi iliyopita tulifungua ghala, na mvua ilikuwa inapiga mabati. Kabla ya picha kuanza Nkuba alisimama mbele ya shuka, akawaambia watu wote, "Mashine ni nzima. Macho yangu ndiyo yamekwisha. Mlinistahi, nawashukuru, msinistahi tena." Kisha akanyoosha mkono kuelekea nilipokuwa, akasema mimi ndiye nitakayesimulia.

Sijawahi kusema mbele ya watu maishani mwangu, na Kisukuma changu ni cha kuchekesha. Yeye alipitisha filamu kwa vidole vyake, akawasha taa ile ile ya zamani, picha ikatokea, mto na mwanamke anashuka na ndoo. Nikaanza kusema ninachokiona, kwa sauti ndogo.

Nkuba akainama kwangu, mkono wake juu ya mashine, akasema, "Paza sauti, mama Evarista. Na mimi nataka kujua."