Mwingereza Aliyekalia Mlango wa Nyumba Kongwe

Dada Mwanaidi,

Shikamoo. Nipo Kensington, Johannesburg, na baridi ya huku imenifanya nivae sweta mbili.

Jana jirani wa mwenyeji wangu, mzee wa Kiingereza, aliweka kiti mlangoni mwa nyumba kongwe iliyotakiwa kubomolewa, akafungua shajara yake. Ujana wake wote huko kwao alizunguka mashambani akiwasihi wenye majumba ya kale wasiyavunje, na kila nyumba aliiandika.

Msimamizi wa mafundi, Mkongo, akaniomba nimtafsirie. "Papa, utoke tafadhali. Tuko na kazi."

"Mwambie sijamaliza kuandika ngazi," mzee akajibu. "Aje aniambie mbao hizi zimeungwaje."

Mkongo yule alisomea useremala kwao Bukavu. Akaingia, akazipapasa ngazi kutoka chini hadi juu, asione msumari hata mmoja. Alipotoka alimpigia simu mwenye nyumba. "Bosi, hii siwezi kuvunja. Ukuje uone."

Mwenye nyumba alikuja, akasomewa kurasa tatu, akapanda ngazi mwenyewe. Mwishowe alikubali livunjwe banda la nyuma tu.

Basi mwambie kaka Salim asinitumie karatasi za kuuza nyumba ya mama hapo Ngamiani. Sitii saini. Wewe anza kuandika kila chumba kilivyo, hata ufa wa jikoni, nami nikirudi tutafute fundi wa paa.

Wabusu watoto, na wewe Mungu akutunzie afya yako.

Mdogo wako,
Zuhura